Dawa ya kuacha pombe "bila mwenyewe kujua": Mti una kazi yake, na mtu ana kazi yake



Mtu akishuka kwenye basi hapa Tunduma na kutembea kwa miguu kuelekea mpakani, hahitaji kuuliza mganga yuko wapi. Nguzo za umeme zitamwambia. Kuna vibao vya bati na karatasi zilizobandikwa zenye namba za simu, na orodha ya matatizo ni ileile kila kibao: mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kesi, nguvu za kiume, na karibu kila mara, dawa ya kuacha pombe, wizi na kamari. Vingine huongeza maneno matatu yanayowavutia sana akina mama: bila mwenyewe kujua.

Leo napenda tuyajadili maneno hayo matatu. Sikusudii kuwatukana waganga wetu wa tiba asili, kwa sababu wengi wetu tumetibiwa kwa majani na mizizi kabla hatujaiona zahanati. Wala sikusudii kusema kwamba mti hauna dawa. Ninachotaka tujifunze ni hiki: mti unaweza kuusaidia mwili wa mtu aliyenaswa na tabia, lakini hauwezi kuiacha tabia hiyo kwa niaba yake. Anayetuuzia dawa ya kumbadilisha mtu kwa siri anatuuzia kitu ambacho hakipo, na wakati mwingine anatuuzia sumu.

Kwa nini Tunduma?

Mji wetu uko mwisho wa barabara ya TANZAM kwa upande wa Tanzania, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Mwaka 2019 marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, lakini foleni ya malori bado ni sehemu ya maisha yetu. Dereva anayesubiri mpakani ana fedha mfukoni na hana mke wala mtoto karibu. Kijana anayebadilisha kwacha, anayebeba mizigo au anayeendesha bodaboda hupata fedha kila siku na huzitumia kila siku. Pombe ipo ya kila aina, kuanzia komoni na kimpumu za kupika nyumbani mpaka gongo na chupa za dukani. Mashine za kamari zipo, na siku hizi kubeti kumo ndani ya simu ya kila kijana. Heroini na bangi nazo husafiri katika barabara kuu kama bidhaa nyingine.

Wasomaji wa hapa mtakumbuka viroba. Zambia ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, waliyoiita tujilijili, mwaka 2012. Kwetu marufuku ilianza Machi 1, 2017. Katika miaka hiyo mitano ya katikati, kifuko kilichokuwa haramu upande mmoja wa mpaka kilikuwa halali upande wa pili, umbali wa kuvuka barabara. Natoa mfano huu ili tukumbuke jambo moja mapema: mlevi haishi peke yake na chupa yake. Kuna anayetengeneza, kuna anayeuza, kuna bei na kuna sheria. Mizizi iliyosagwa haiwezi kuyatibu yote hayo.

Tabia inapogeuka ugonjwa

Waislamu tunajua kwamba pombe na kamari ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini tumejenga mazoea ya kuishia hapo, kana kwamba kumwambia mtu "ni haramu" ndiyo dawa yenyewe. Mlevi wa miaka kumi anajua kuwa ni haramu kuliko wewe unayemwambia. Anaamka asubuhi ameapa kuacha, na ikifika saa nne mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na kitu pekee kinachotuliza mikono hiyo ni kile alichoapa kukiacha. Hapo dhambi imeshajichanganya na ugonjwa. Mmoja unahitaji toba na mwingine unahitaji tiba, na mtu ni mmoja.

Wanazuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akaeleza waswasi, ile fikra inayomrudia mtu mpaka ikamnyima raha na kazi. Hakuiita utovu wa imani tu. Aliieleza kama maradhi yenye upande wa mwili na upande wa nafsi, na akafundisha kwamba mgonjwa asiachwe peke yake na fikra zake, bali akae na watu na ashughulishwe.

Tazama pia jinsi pombe yenyewe ilivyoharamishwa. Haikuwa siku moja. Kwanza watu walielezwa katika Suratul Baqara (aya 219) kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa (aya 43) wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, na kwa mtu anayeswali swala tano, katazo hilo pekee lilimpunguzia saa za kunywa. Mwisho likaja katazo kamili katika Suratul Maida (aya 90). Jamii nzima ilifundishwa kwa hatua, kwa uwazi, kila mtu akijua anaambiwa nini. Hakuna aliyetiliwa kitu kwenye chakula.

Je, mimea ina kazi?

Ina kazi. Mtume (SAW) alitufundisha kwamba kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa, na sehemu kubwa ya dawa hizo imo ardhini.

Chukua mfano wa Wayoruba wa Nigeria. Waganga wao kwa muda mrefu wamewatibu watu waliorukwa na akili kwa mizizi ya mti wanaouita asofeyeje, ambao wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia vomitoria. Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliandika juu ya tiba hiyo mwaka 1960. Wakati huo maabara zilikuwa zimeshathibitisha kwamba waganga hawakubahatisha: mwaka 1952 kemikali iitwayo reserpini ilitolewa katika mmea wa jamii hiyohiyo unaoota India, ikawa dawa ya hospitali ya kutuliza wagonjwa wa akili na kushusha presha.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Reserpini ilipotumika kwa wingi, madaktari waligundua kwamba inaweza kushusha presha kupita kiasi, na kwamba baadhi ya wagonjwa walizama katika huzuni nzito. Dawa yenye nguvu ya kutibu ina nguvu ya kudhuru. Tena ndugu yake mti huo tunaye hapa nchini. Wachaga wanamwita msesewe, na gome lake hutumika katika kupika mbege. Jamii moja ya miti, Nigeria inatuliza wenye wazimu, Kilimanjaro inaungwa kwenye pombe! Basi asikudanganye mtu kwamba "ni mitishamba tu, haina madhara". Kinachofanya mti uwe dawa ni kipimo, mpishi na mtu anayeunywa.

Mfano wa pili unahusu pombe moja kwa moja. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walitangaza dawa iitwayo disulfiramu. Mtu akiimeza halafu akanywa pombe, mwili unashindwa kuisafisha pombe ile njiani, sumu inajikusanya katika damu, uso unawaka, moyo unadunda, anatapika na presha inashuka. Kuna aina ya uyoga inayofanya kazi inayofanana na hiyo. Na zipo dawa nyingi za kienyeji ambazo kazi yake ni kumtapisha mlevi mpaka aichukie harufu ya pombe.

Kwa hiyo mganga anayesema "nina dawa, akinywa pombe atatapika" huenda hasemi uongo. Lakini madaktari wanaotumia disulfiramu wana masharti. Mgonjwa lazima ajue anachomeza na akubali. Lazima apimwe moyo na ini. Lazima aelezwe kwamba hata kiasi kidogo cha pombe ni hatari. Na lazima awepo mtu wa kumwona akimeza kila siku. Kwa nini masharti yote haya? Kwa sababu mtu asiyejua atakunywa kama kawaida yake, na mwili wake unaweza usihimili.

Kikombe katika kanda yetu

Imani kwamba tabia ya mtu inaweza kuondolewa kwa kikombe kimoja ina historia ndefu katika ukanda huu wa mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulitokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vijana waliouza dawa iitwayo mchape. Jina lenyewe linatokana na neno la kufua au kuosha. Walipita kijiji hadi kijiji, wakaingia kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, majirani zetu hawa, na dawa ikavuka mpaka Tanganyika. Wanakijiji walipangwa mstari, waliotajwa kuwa wachawi wakatoa vifaa vyao, wakanyweshwa dawa nyekundu, wakaambiwa: ukirudia tabia yako, utavimba na kufa. Mtafiti Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935. Miaka ya 1960 mtafiti mwingine, Roy Willis, akayakuta mambo ya namna hiyo Ufipa, yakiitwa kamchape. Na katika miaka ya karibuni tumewasikia hapa Songwe wale wanaoitwa lambalamba, wakiingia vijijini kutafuta wachawi kwa malipo.

Mwaka 1995 mzee Billy Goodson Chisupe wa Malawi, karibu na Liwonde, aligawa dawa iliyoitwa mchape kwa ajili ya UKIMWI, na watu kwa malaki wakamiminika. Mwaka 2011 sote tulishuhudia Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, aligawa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kikombe hicho.

Tuseme kwa uadilifu, hata kwenye mchape kulikuwa na jambo la kujifunza. Aliyekunywa alikunywa mbele ya kijiji kizima, akijua anakunywa nini na kwa nini, na majirani wakawa mashahidi wake. Huenda ushahidi huo ulimzuia mtu kuliko unga mwekundu. Lakini kulikuwa na ubaya mkubwa pia: aliyetajwa alitajwa kwa ramli, na hakuwa na namna ya kujitetea. Dawa za leo za mabango zimechukua ule ubaya, zikaacha lile jambo jema. Ramli imebaki, na ushahidi umegeuka kuwa siri.

Yaliyomkuta jirani

Hapa mtaani kwetu yupo mama mmoja, sitamtaja, ambaye kijana wake alikuwa mbeba mizigo mpakani na mnywaji wa kila siku. Kwa uchungu wa mzazi alikwenda kwa mganga mmoja mgeni aliyepanga chumba karibu na stendi. Akapewa unga uliofungwa kwenye karatasi, atie kwenye uji kwa siku saba. Siku ya tatu kijana alikunywa uji, akaenda kilabuni kama kawaida yake, akarudishwa amebebwa. Alikuwa ametapika mpaka hana kitu tumboni, macho yamegeuka. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Daktari akauliza: "Amekula nini? Amekunywa nini?" Mama alinyamaza. Alikuwa akiogopa kusema mbele yetu. Aliposema, daktari akauliza unga huo ni wa mti gani, na hakuna aliyejua. Mganga alipopigiwa, simu haikupatikana.

Kijana alipona, Alhamdulillah. Lakini alipojua kilichofanyika, aliacha kula nyumbani. Kwa miezi mingi alikula kwa mama ntilie na kunywa zaidi. Na mganga, alipoonekana tena, alitoa maelezo mapya: dawa imeshindwa kwa sababu kijana amefungwa na shangazi yake. Mpaka leo shangazi huyo, mjane na mtu wa swala, hakanyagi nyumba ile.

Hesabuni hasara, ndugu zangu. Fedha zimekwenda, pombe imebaki, mtoto hamwamini mama, na undugu umekatika. Na sisi wa kanda hii tunajua neno "mchawi" linaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee. Mtume (SAW) alituonya vikali juu ya kumwendea mpiga ramli na kumuuliza. Katika Hadithi iliyopokelewa na Muslim, swala ya mtu huyo haikubaliwi siku arubaini. Wengi tunaiona onyo hili kama suala la itikadi tu. Mimi nimeona kwa macho kwamba ni kinga ya familia pia.

Maswali manne kabla ya kulipa

Mtume (SAW) ametufundisha vilevile kwamba mtu anayetibu hali hajulikani kwa utabibu, akimdhuru mgonjwa, anawajibika kwa madhara hayo. Hadithi hiyo imo katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Kutokana na msingi huo, nawashauri wasomaji waulize maswali manne.

Kwanza, wewe ni nani? Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, na lipo Baraza linalosajili waganga na vituo vyao. Mganga wa kweli ana cheti na anaonyesha. Halmashauri ina mratibu wa tiba asili, muulizeni. Mwenye namba ya simu na karatasi kwenye nguzo si lazima awe mganga.

Pili, ni mti gani? Mganga anaweza kuficha siri ya mchanganyiko wake, lakini asikatae dawa yake kuchunguzwa. Ipo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ipo Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili iliyoanza mwaka 1974. Anayekimbia uchunguzi anajua anachokimbia.

Tatu, mgonjwa anajua? Kama jibu ni hapana, ondoka. Usimtilie mtu mzima kitu kwenye chakula, hata kwa mapenzi.

Nne, baada ya dawa nani atakuwa naye? Hili ndilo swali kubwa. Profesa Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, alipoanzisha tiba ya wagonjwa wa akili Aro, Abeokuta, mwaka 1954, hakuwafungia wagonjwa ndani. Aliwaweka katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, mchana wakija hospitali, na akashirikiana na waganga wa jadi waliowajua watu wao. Alichochukua kwa waganga hakikuwa mizizi tu. Alichukua ule ukaribu wao na familia.

Tofauti ya kikombe na tiba inaonekana pia kwa vijana wa heroini. Tangu Februari 2011 Muhimbili inatoa methadoni, na Mbeya nako, jirani zetu, huduma hiyo ipo. Kijana huenda kliniki kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anazungumza na mshauri, kwa miezi na hata miaka. Hakuna miujiza hapo. Kuna kuja leo, na kuja kesho.

Tufanye nini?

Mwenye mlevi wa siku nyingi nyumbani asimfungie ghafla chumbani ili aache. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kuleta kifafa na kuweweseka ndani ya siku chache, na wapo wanaokufa. Mpelekeni hospitali, aeleze ukweli wote, na kama anatumia mitishamba, itajwe. Mwenye kubeti, simu na fedha zake zisimamiwe na mtu anayemwamini, kwa ridhaa yake mwenyewe.

Na sisi wa misikitini tujiulize. Kijana anayetaka kuacha pombe anahitaji mahali pa kukaa kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, maana hizo ndizo saa za kilabu. Tukimwita mlevi kwenye mawaidha, tukamkemea, kisha baada ya Isha tukafunga milango na kwenda makwetu, tumemrudisha kilabuni sisi wenyewe. Watu wawili au watatu wa kumpitia kila jioni, kumpa kazi ya halali, na kumpokea bila kumcheka siku anapoanguka tena, ni dawa isiyouzwa kwenye karatasi.

Mama anayesoma haya na ana unga ndani ya kabati, nakuomba usiutie kwenye uji. Mkalishe mwanao asubuhi, wakati bado ana akili zake, umwambie: nimefika hadi kwa waganga kwa ajili yako. Maneno hayo, akiyasikia kwa masikio yake mwenyewe, yanaweza kuwa mwanzo wa tiba.

Wabillahi Tawfiiq.